Bado Ng'ombe Mmoja

Mtani wangu Faustini,

Sianzi na machozi, hayo umepelekewa ya kutosha. Naanza na wivu. Nakuonea wivu, Faustini. Ungekuwa hai ningekwambia hivyo mbele za watu pale kwenye ukumbi wa video wa Mzee Salehe, nawe ungenijibu kitu kimoja tu cha hovyo, watu wakaanguka kwenye mabenchi kwa kucheka, nami ningerudi nyumbani na wivu mpya juu ya ule wa zamani. Sasa umelala Buswelu nyuma ya lile jiwe kubwa, huwezi kunijibu. Ndiyo maana leo nimepata ushujaa.

Tuanze na mazishi yako. Nani alikwambia ufe na watu wengi namna ile? Walikuja akina mama wanaoanika dagaa, wakaja mafundi baiskeli wa Igogo, wakaja wauza mapanki, ile mifupa ya sangara, hata vijana wa kiwanda cha minofu walitoka kazini na mabuti yao meupe miguuni. Malaria ya siku chache tu, tena ilikuchukua bila kelele, na bado ulijaza watu kama sikukuu. Nikawatazama nikajiuliza: mimi Bundala, niliyefika Kisumu na Kampala na Nairobi, niliyefanya kazi melini nikala nyama ya kopo na wazungu, siku yangu watakuja hawa? Wangekuja nusu. Na hiyo nusu ingekuja kwa sababu wewe ungekuwa unasema maneno ya mwisho.

Hata utani wangu uliuharibu. Unajua kwetu ilivyo, mama yako ni shangazi yangu, na watoto wa dada na kaka ni watani mpaka kaburini. Nikatimiza. Kabla hujashushwa niliruka shimoni nikalala chali, nikasema kaburi hili nimeshapanga mimi, marehemu akatafute jingine. Watu wakacheka. Nikasikia utamu. Halafu mzee mmoja, anafuta macho, akasema taratibu, "Angekuwa Faustini angedai na godoro." Hapo ndipo walipocheka kweli. Umo ndani ya sanduku, Faustini, umefungwa misumari, unanishinda.

Habari za huku si mbaya. Magugu maji yamezidi, kuna asubuhi ziwa lote pale ufukweni limekuwa shamba, mitumbwi inasukumwa kama toroli. Mitumba imejaa hadi fundi cherehani wa karibu na soko ameamua naye kuiuza. Usagara wamefungua ukumbi wa video pale njia panda, televisheni kubwa kuliko yetu, lakini mtafsiri wao anakohoa kuliko anavyosema. Mzee Salehe naye hakutaka kuachwa, amenunua dishi. Limekaa juu ya bati kama sufuria la harusi. Siku hizi ni ruksa, anasema, na kama ni ruksa basi na yeye aruhusiwe kukamata picha za dunia nzima. Mpaka sasa amekamata mchele mtupu, ule unaomwagika kwenye kioo na kuwasha jicho, na siku moja mpira wa nchi tusiyoijua.

Na maikrofoni amenipa mimi.

Usidhani niliomba. Sawa, niliomba. Nani mwingine? Kile kigoda chako pembeni ya televisheni kilikuwa wazi, mikanda ipo, watu wapo, na wa kuwageuzia Kiingereza kuwa Kiswahili hayupo. Na tuseme ukweli sasa kwa kuwa tuko wawili, wewe Kiingereza hukukijua. Ulikijua cha kuombea njia. Mimi ninacho cha darasa la saba na cha melini, nacho cha melini kina matusi ya mataifa matano. Nikasema sasa Igogo watasikia tafsiri ya mtu aliyetembea.

Siku ya kwanza nikawawekea Polisi Mnene, picha ninayoipenda kuliko zote, unajua. Nikaitafsiri sawasawa, neno kwa neno, mtu akisema mlango nasema mlango. Pale polisi anapokwama dirishani na mwizi anamlisha keki ili asipige kelele, mahali ambapo mimi mwenyewe hucheka hadi mbavu ziume, ukumbi ulinyamaza. Nikasikia jenereta. Halafu kutoka benchi la nyuma sauti ikauliza, wala si kwa ubaya, "Hapo Faustini angesemaje?"

Swali hilo limenifuata mji mzima. Kinyozi ananiuliza. Muuza kahawa ananiuliza. Nimekuwa mtu wa kuulizwa maneno ya mtu mwingine.

Na kijiweni ndiyo usiseme. Zile mechi zetu za kubishana ni picha gani inachekesha kuliko zote bado zinaendelea kila Jumapili, ila sasa zina refa, na refa ni wewe. Mtu akitoa hoja anamalizia, hata marehemu alisema. Nikiitetea Polisi Mnene wananiambia marehemu alisema mtu mnene kukwama si kichekesho, ni kumkumbusha jirani njaa yake. Nikiwaletea Nyumba ya Ngazi, ule mchezo wa zamani wa televisheni uliokuja kwenye mikanda kutoka Dubai, baba na mama na watoto wanaanguka ngazi ileile kila wiki, wanakumbuka wewe tu. Unakumbuka wale watu wasioonekana wanaocheka ndani ya mchezo? Sisi tulibishana miezi ni akina nani na wamekaa wapi. Mimi, niliyetembea, niliwaeleza kwamba ni kicheko kilichorekodiwa. Hakuna aliyesikia. Wewe ukawaambia hao ni wafanyakazi wa serikali, kazi yao kucheka, na kwenye mkanda wa tatu ukainua kidole ukasema, sikilizeni, wamepunguzwa kazini, wamebaki watatu. Na kweli, Faustini, kicheko kilikuwa kimepungua. Yule karani wa reli aliyekuwa amepunguzwa mwezi ule alicheka akalala chini. Mimi nilikaa pembeni yake nikiumia kwa nini sikuisema mimi. Mpaka leo naumia.

Lakini kilele cha kila ubishi ni Mkwe na Kiti. Ukitaka kupigwa Igogo, sema kuna picha inayochekesha kuliko Mkwe na Kiti.

Jina tuliipa wenyewe, mkanda ulikuja bila ganda. Picha yenyewe haina rangi. Mwanamume mmoja mrefu, kofia kichwani, amebeba kiti cha mbao mgongoni, anatembea nchi nzima. Anapanda treni na kiti, analala porini na kiti, mvua inanyesha anavua koti lake anakifunika kiti, yeye analowa. Mwishoni anafika kwenye nyumba ndogo, anatoka mama mzee, na yule bwana anainamisha kichwa, anajificha uso kwa kofia, hathubutu kumtazama.

Nani hapa Mwanza angeuliza maana? Mwanamume mzima anainama na kujificha uso mbele ya mama mzee, huyo ni mkwe wake, watoto wadogo wote walijua. Sisi wenyewe tukimwona mama mkwe sokoni tunapitia nyuma ya mabanda. Kwa hiyo ulipowaambia kwamba bwana huyu ni kijana wa kwetu, mahari imepungua ng'ombe mmoja, anapeleka kiti badala ya ng'ombe, hakuna aliyebisha. Hata mimi mwenye Kiingereza sikubisha. Maneno kwenye picha ile ni machache na mkanda ulikuwa umechakaa, na jenereta ilikuwa inapiga kelele, na zaidi ya yote nilikuwa nacheka.

Kila aliyemkuta njiani ulimfanya amuulize, hiki kiti kina maziwa? Na yeye anajibu kwa upole, bado ng'ombe mmoja. Treni, bado ng'ombe mmoja. Mvua, bado ng'ombe mmoja. Sasa hivi mtu wa Igogo akidaiwa kodi anajibu hivyohivyo.

Baadaye ukaongeza nakshi. Ukasema mke mwenyewe yumo ndani ya ile nyumba, yuko dirishani, anachungulia, anamkonyeza mumewe avumilie. Dirisha lenyewe ni jeusi tii. Lakini watu walimwona. Kijiweni walibishana amevaa kitambaa au yuko kichwa wazi, gauni lake ni la maua au la mistari. Pale mwisho mama mzee anapokikalia kile kiti, ukumbi mzima unasema pamoja nawe, "Amekaa." Nawe unawapigia muhuri wako: mahari imekubaliwa, nendeni nyumbani, nanyi mnadaiwa.

Sasa sikiliza. Ilipofika siku ya kumaliza msiba, shemeji Pendo, mkeo, alinitumia ujumbe. Alisema hataki ngoma, hataki hotuba. Mzee Salehe amekubali kuleta televisheni na deki na jenereta hadi Buswelu, iwekwe uani, ukoo na marafiki waitazame Mkwe na Kiti. Na mtani ndiye aseme, maana mtani ndiye anayemwigiza marehemu siku hiyo.

Nilikubali mbiombio. Moyoni nilijiambia, hii ndiyo mechi. Mkanda wako, watu wako, uani kwako. Nikikushinda hapa nimekushinda kote.

Nikaenda ukumbini mchana kukiwa hakuna mtu, nikauweka mkanda, nikasogeza sikio kwenye spika. Nilitaka nijue maneno halisi ili nichekeshe kwa ukweli kuliko wewe kwa uongo. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza, nikarudisha tena. Pale stesheni, mkata tiketi anamuuliza kwa nini anakilipia kiti nauli. Yule bwana anajibu, pole pole. Nilirudia mpaka deki ikapata moto. Anasema ni kiti cha mke wangu. Anasema mke wangu amekufa. Anasema mama yake hana kitu chake hata kimoja, ameomba apelekewe hiki alichokuwa akikalia.

Nikazima. Nikakaa kwenye kigoda chako.

Yule hajifichi kwa haya ya mkwe, Faustini. Anajificha kulia. Mji mzima tumemcheka mtu anayelia.

Usidhani niliona huruma kwanza. Nilifurahi. Nakwambia kwa kuwa huwezi kunirudishia. Nilifurahi kama mtu aliyepewa fimbo. Nikasema sasa nimempata, bingwa wa Igogo, hakuwa akitafsiri, alikuwa akibuni, na picha yake bora kuliko zote si kichekesho hata kidogo. Nitaisema ilivyo mbele ya wote. Wajue nani anajua na nani hajui. Swali la Faustini angesemaje life siku hiyohiyo.

Basi siku ikafika. Uani pamejaa, wengine juu ya mawe, wengine juu ya ukuta. Wali na nyama vimeshaliwa. Shangazi ameketi mbele kabisa kwenye mkeka, amenyoa nywele, mdogo ghafla kama mtoto. Shemeji Pendo yuko karibu na mlango wa jiko na kitambaa cheusi. Jenereta ikawaka. Yule bwana akatokea na kiti chake, na watu wakaanza kuchekacheka kabla ya chochote, vile mtu anavyomwona rafiki kwa mbali.

Pale stesheni nikashika maikrofoni vizuri. Mkata tiketi akauliza. Nikasema, kwa sauti safi ya mtu aliyetembea, "Mke wangu amekufa."

Kuchekacheka kukakatika. Nikamwona Pendo ameshika mwimo wa mlango. Nikataka kuendelea na sentensi ya pili, nilikuwa nimeiandaa vizuri, nikajikuta nimeshusha maikrofoni.

Shangazi akageuka akanitazama. Hakukasirika. Alinisahihisha kama anavyonisahihisha tangu nilipokuwa nakula ugali kwake. "Hapana, Bundala. Mke wake yupo. Bado ng'ombe mmoja tu."

Na uani pote wakaitikia, "Bado ng'ombe mmoja." Wakacheka. Walicheka huku wanalia, Faustini, kamasi na meno pamoja, sijawahi kuona kitu kama kile Nairobi wala Kampala. Baada ya hapo sikuwa mtafsiri tena. Walisema wenyewe. Treni ilipopita walisema. Mvua iliponyesha walisema, sauti zako zote, hata kikohozi chako cha katikati. Pale kwenye dirisha jeusi shangazi akanyoosha kidole akamwambia jirani yake, yule pale, anachungulia. Na mimi, ninayejua, nikatazama. Nikatazama kwa bidii kuliko wote.

Mama mzee akakikalia kiti. Wakasema, "Amekaa."

Muhuri wako ulikuwa zamu yangu, na sikuweza kuupiga. Mahari imekubaliwa, nendeni nyumbani, maneno hayo ni yako. Picha yenyewe inaishia pale, mama ameketi, bwana amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nikasikia natoa kitu ambacho sikukiandaa. Nikasema, "Kiti kimefika. Aliyekibeba bado amesimama. Mpisheni naye akae."

Shangazi akasogea kwenye mkeka, akapiga kiganja pembeni yake, akaniambia mimi, "Haya, njoo ukae." Watu wakacheka sana. Nikaenda nikakaa na maikrofoni yangu, waya umenizunguka miguu. Na yule mzee wa godoro, nyuma yangu, akasema, "Hiyo Faustini hakuwahi kuisema."

Sijui kama ilikuwa sifa au lawama. Nimeichukua kuwa sifa. Usininyang'anye.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepata hata sare. Lakini wewe humwachii mtu. Watu walipokuwa wanaondoka nilimfuata shemeji jikoni, anakusanya masahani. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la stesheni, nikaanza kuzungukazunguka, eti Kiingereza ni kigumu, eti mkanda umechakaa. Akaniacha nizunguke. Halafu akaniambia kwamba ulijua.

Akanisimulia. Kumbe mtawa mmoja wa kizungu anayemfundisha yeye na wenzake ushonaji aliwahi kusikia wanafunzi wake wanaicheka ile picha, akawaambia huko kwao huitazama na leso mkononi, akawaeleza yote. Pendo alikuletea habari hiyo nyumbani. Anasema hukula siku ile. Ulikaa kitandani ukasema, "Pendo, tumemcheka mfiwa." Akadhani utauficha mkanda. Asubuhi ukamwambia kicheko hakiwezi kurudishwa nyuma, watu wamekizoea na wanakihitaji. "Basi leo nitamrudishia mke wake."

Ndipo ukamweka dirishani.

Na sisi tulidhani umenogesha tu. Nilisimama jikoni kwako na sahani mkononi, siri niliyoibeba kama kiti mgongoni imeshafika kabla yangu, tena miaka. Nilikuwa najiona mtu pekee Mwanza anayejua. Kumbe ulijua, ukanyamaza, ukaendelea kuchekesha huku unajua, kitu ambacho mimi singeweza hata kwa wiki moja, ningekuwa nimeshajisifu kijiweni. Wivu nilionao sasa si ule wa mwanzo. Ule wa mwanzo nilikuonea kwa sababu uliwachekesha watu. Huu sijui niuite nini.

Shemeji alipomaliza kusimulia alitabasamu kidogo, akaniuliza, "Wewe shemeji, uliliona gauni lake? La maua au la mistari?" Nikamwambia la maua. Akasema hapana, mistari, Faustini mwenyewe alimwambia. Tukabishana pale mpaka masahani yakaisha.

Mtani wangu, karatasi inaelekea ukingoni na Mzee Salehe anapiga honi ya baiskeli huko nje, watu wameshajaa. Nakuaga. Nenda salama, au kaa salama, sijui huko mnasemaje.

Ahadi yangu ni hii. Mkwe na Kiti sitaitafsiri kamwe, nitaisema. Mkewe atakaa dirishani siku zangu zote za maikrofoni, na atakayekuja na Kiingereza chake kumtoa atanikuta mlangoni. Polisi Mnene nayo nitaendelea kuitetea hata nikibaki peke yangu, hapo usitegemee heshima. Na mama yako nitamtazama kama wangu, pale kwenye mkeka nafasi yangu nimeshaijua.

Ila nawe niahidi kitu. Najua hapo ulipo umeshawakusanya, najua wameshalala chini kwa kucheka, hata wale waliokufa na huzuni. Sina la kufanya. Lakini siku nitakapofika, nyamaza kidogo. Waambie, huyu ni mtani wangu Bundala, ametembea sana, mwacheni aanze yeye. Kichekesho kimoja tu, Faustini. Halafu utaendelea.

Mtani wako mwenye wivu,
Bundala